Sura ya Sita: Rundo Lenye Tumbo Tupu

Magunia hayahesabiwi moja moja. Hilo ndilo jambo la kwanza nililofundishwa nilipoajiriwa ukarani katika ghala la nafaka la mtu binafsi, pembezoni mwa mji wa Dodoma. Unahesabu ubavu wa rundo: magunia kumi. Unahesabu mbele: kumi na mawili. Unahesabu kwenda juu: tabaka ishirini. Unazidisha, unapata 2,400, unaandika kwenye kadi iliyotundikwa kwenye rundo, unaandika kwenye leja, unahamia rundo la pili. Asubuhi moja inatosha kwa ghala zima.

Aliyenitoa katika imani hiyo alikuwa mtunza ghala, mzee wa Kigogo aliyebakiza miezi michache astaafu. Nilimkuta ameketi juu ya chaga, karibu na mlango.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Lile la mwisho umelihesabu?"

"Nimelihesabu. Limetimia."

"Ulipanda juu?"

Sikuwa nimepanda. Akanionyesha ngazi. Nikapanda, nikatembea juu ya magunia mpaka katikati, na hapo nikahisi yanabonyea chini ya miguu kama kitanda cha kamba kilicholegea. Vijana wawili wa kubeba mizigo wakaja, wakaondoa gunia la kwanza, la pili, la tatu. Chini yake zilikuwa zimelazwa mbao, na chini ya mbao palikuwa na shimo la upana wa magunia manne kwa matano, kina chake tabaka kumi na saba. Magunia 340 ya mahindi yalikuwa yameshaondoka, na makaratasi yote yalisema yapo.

"Wewe umehesabu ganda," mzee akasema. "Rundo lina ganda na lina tumbo."

Kilichoniuma kuliko wizi wenyewe ni kwamba waliosaini zile kadi, mimi nikiwamo, hawakuandika namba ambayo macho yao hayakuiona. Kila mmoja alizidisha sawasawa. Ghala lilikuwa na kumbukumbu zilizopangwa vizuri za kitu kisichokuwapo. Tangu siku ile nimekuwa nikifuatilia kila njia ambayo watu wamebuni ili ghala liweze kusema lenyewe kilichomo tumboni mwake, na iliyonichukulia muda mrefu zaidi ni ile inayoitwa kwa herufi nne, RFID, yaani utambuzi wa vitu kwa mawimbi ya redio.

Tagi ya RFID inayotumika maghalani ni kitu chepesi kupita inavyodhaniwa: kipande cha karatasi au plastiki, ndani yake antena ya bati jembamba la alumini, na katikati ya antena chipu ndogo kama punje ya mchanga. Haina betri. Mtoto aliyesimama kwenye kilima cha mawe pale Dodoma akiwa na kipande cha kioo anaweza kumpigia ishara mwenzake aliye bondeni bila kuwasha kitu chochote; jua ndilo linalotoa mwanga, yeye anakigeuzageuza kioo tu. Tagi hufanya hivyohivyo. Kisomaji kinarusha mawimbi ya redio, tagi inapata humohumo nguvu kidogo ya kuamsha chipu, kisha inayarudisha mawimbi yale kwa kuyakatiza katiza kwa mpangilio unaotaja namba yake. Mwaka 1948 mhandisi Harry Stockman aliandika makala iliyoeleza jinsi ya kuwasiliana kwa nguvu iliyoakisiwa, na miaka mitatu kabla yake majasusi wa Kisovieti walikuwa wameshaitumia kanuni ya jinsi hiyo: balozi wa Marekani mjini Moscow alipewa zawadi ya nembo ya mbao iliyochongwa, ikatundikwa nyumbani kwake, nayo ilikuwa na kinasa sauti kisicho na betri wala waya. Kiligunduliwa mwaka 1952.

Msimbopau, ile mistari myeusi iliyoko kwenye sabuni na biskuti, lazima uelekezewe mwanga, na lazima uonekane. Tagi ya redio haihitaji kuonekana. Kisomaji kizuri husoma mamia ya tagi kwa sekunde moja, kwa umbali wa mita kadhaa, hata zikiwa ndani ya boksi. Na kila tagi ina namba yake peke yake: msimbopau wa kawaida unasema "hii ni sabuni ya aina fulani", tagi inasema "mimi ndiye sabuni ile, ya boksi lile, niliyeingia siku ile". Kwa maneno mengine, inakipa kitu jina. Naomba msomaji alishike neno hilo, jina, maana ndilo lililonisaidia kuelewa wapi RFID inafaa katika nyanda zetu za kati na wapi ni fedha ya kutupa.

*

Kiasi cha kilomita themanini hivi mashariki mwa Dodoma iko Kongwa. Wengi wetu tulisoma shuleni habari za mradi wa karanga, tukaambiwa ulishindwa kwa sababu ya ukame na udongo. Ni kweli. Mwaka 1946 ujumbe wa Waingereza ukiongozwa na John Wakefield ulipita ukikagua ardhi, sehemu kubwa kwa ndege, ukapendekeza kulima ekari zaidi ya milioni 3 za karanga, nyingi zikiwa Tanganyika. Mwaka 1947 kazi ikaanza Kongwa. Lengo la mwaka wa kwanza lilikuwa ekari 150,000. Zilizosafishwa hazikufika 10,000. Mvua ilikuwa ile ya Ugogo, ya msimu mmoja na ya kubahatisha, na udongo ulipokauka ukawa mgumu kama sakafu ya saruji. Januari 1951 serikali ya Uingereza ikaufuta mradi, na pauni milioni 36 zikaandikwa hasara.

Lakini Kongwa ilikuwa na ugonjwa mwingine unaosimuliwa kwa nadra, na huo ulikuwa ghalani. Vita vya Pili vya Dunia vilikuwa vimekwisha juzi tu, matrekta mapya hayakupatikana, kwa hiyo wakuu wa mradi walinunua mabaki ya vita kwa mafungu: matrekta yaliyochakaa kutoka Ufilipino, magari ya jeshi, hata vifaru vya Sherman vilivyogeuzwa kuwa matrekta. Vyote hivyo vilishushwa Dar es Salaam, vikapakiwa kwenye reli ya kati, vikapelekwa Kongwa. Kila aina ya mtambo ilitaka vipuri vyake. Bolti ya trekta moja haingii kwenye jingine. Mtambo ukiharibika katikati ya vichaka vya Kongwa, swali linakuwa moja: je, kipuri chake tunacho? Na hakuna aliyeweza kujibu kwa uhakika. Kinaweza kuwa kimo ndani ya boksi chini ya maboksi mengine, kinaweza kuwa bado bandarini, kinaweza kuwa hakikununuliwa kabisa.

Wakaguzi walipoziangalia hesabu za shirika lililoendesha mradi, zile za mwaka ulioishia Machi 1949, hawakuzipitisha hivihivi. Walieleza kwamba vitabu vya hesabu havikuwa vimetunzwa inavyopasa, na jambo hilo likazua mjadala mkali katika Bunge la Uingereza. Hebu tafakari: shirika lenye fedha ya dola kubwa, lenye wahandisi na makarani waliotoka jeshini, halikuweza kusema lina nini katika mabanda yake. Ninapopita barabara ya Morogoro na kuona njia ya kuingilia Kongwa, sifikirii karanga. Nafikiria maboksi ya vipuri yaliyokaa juani bila jina.

Na si Waingereza peke yao waliofikwa na hilo. Katika Vita vya Ghuba vya mwaka 1991, miaka arobaini baada ya Kongwa kufungwa, jeshi la Marekani lilipeleka jangwani makontena yapatayo 40,000, na zaidi ya nusu yake ilibidi yafunguliwe ili tu kujua yamebeba nini. Askari walioagiza kitu wakaona hakifiki wakaagiza tena, na tena, mpaka mizigo ikawa milima. Aibu hiyo ndiyo iliyolisukuma jeshi lile kuweka tagi za redio kwenye makontena yake. Mwaka 1999 chuo cha MIT kikafungua kituo cha utafiti wa tagi za bei nafuu, na mwaka 2003 kampuni ya maduka ya Walmart ikawatangazia wauzaji wake wakubwa 100 kwamba ikifika Januari 2005 shehena zao ziwe na tagi. Wauzaji wengi walilalamikia gharama, amri ikapoa. RFID ilikuja kushamiri mahali ambapo watu hawakupatarajia sana: kwenye maduka ya nguo. Nguo ni kavu, nguo ina thamani, na shati jekundu la saizi ndogo si sawa na shati la bluu la saizi kubwa. Kila moja ni kitu chenye jina.

*

Turudi kwenye gunia langu la mahindi.

Dodoma ndiko makao makuu ya Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula, NFRA, ulioanza kazi mwaka 2008 kurithi shughuli za hifadhi ya nafaka ya taifa. Maghala yake ya Kizota yanajulikana na kila dereva wa lori anayeingia mjini. Katika mkoa huu ghala la mahindi ni jambo la uhai. Mvua ya Dodoma ni kama milimita 570 kwa mwaka wa kawaida, inayonyesha kati ya Desemba na Aprili, na ikikatika Februari mtama na uwele huokoa wachache huku wengine wakisubiri mahindi ya serikali ya bei nafuu. Mtu anayeandika kwamba ghala lina tani 5,000 wakati zipo 4,300 anampokonya chakula mama wa Chamwino au Bahi ambaye hata hamjui.

Ndiyo sababu nilipoisikia RFID kwa mara ya kwanza nilitaka kila gunia livikwe tagi kesho yake. Nikapiga hesabu. Ghala la tani 5,000 ni magunia 50,000 ya kilo mia. Tagi ya karatasi ikinunuliwa kwa malaki hugharimu senti chache za dola. Tuseme shilingi 250 hadi ikufikie. Hiyo ni milioni 12 na nusu. Kwa mali ya namna ile, si fedha ya kukatisha tamaa. Kilichonikatisha tamaa ni fizikia, na baadaye lumbesa.

Mawimbi yanayotumika kwenye tagi za ghalani ni ya megahezi 860 mpaka 960. Chuma huyarudisha, maji huyameza. Mahindi yaliyokaushwa vizuri, yenye unyevu usiozidi asilimia 13.5 kama viwango vya Afrika Mashariki vinavyotaka, bado yana maji ya kutosha kuyadhoofisha mawimbi gunia baada ya gunia. Ukisimama nje ya rundo la magunia 2,400 na kisomaji mkononi, utasoma yale ya pembeni na machache ya nyuma yake. Yaani utasoma ganda. Teknolojia niliyodhani ingeona tumbo la rundo inaona kile kile nilichokiona mimi nikiwa karani.

Kwa hiyo kusoma lazima kufanyike mlangoni, gunia linapoingia na linapotoka, siyo rundo likishasimama. Na mlango wa ghala la Dodoma haufanani na mlango wa ghala la Ujerumani. Kule foklifti inapita na mzigo uliopangwa kwenye paleti, tagi zikiangalia antena. Kwetu anapita kijana wa kubeba, gunia likiwa begani na limeegemea kichwa chake, anatembea haraka kwa sababu analipwa kwa gunia. Mwili wa mtu sehemu kubwa ni maji. Tagi ikiwa upande wa shingo yake, antena iliyo ukutani haiisikii. Antena ikae juu ya mlango, iangalie chini, na tagi iwe mdomoni mwa gunia, hapo inasomeka. Jambo hili dogo hutalikuta kwenye kijitabu cha muuzaji wa mitambo, maana waliokiandika hawakuwahi kumwona mtu amebeba kilo mia akipanda ubao wa lori.

Kuna na dawa. Magunia hufunikwa turubai na kufukizwa vidonge vinavyotoa gesi ya fosfini, inayowaua fukusi na dumuzi. Gesi hiyo hula shaba. Nyaya za umeme, mashine za mizani, kompyuta, chochote chenye shaba kilichoachwa ndani wakati wa kufukiza huanza kuharibika bila kuonyesha dalili kwa siku kadhaa. Tagi zenye antena ya alumini zinastahimili. Visomaji vyenyewe hapana. Ghala linalofunga mitambo ya kudumu ndani bila kuuliza wafukizaji litanunua mitambo mara mbili.

Halafu lumbesa. Yeyote aliyefika soko la mazao la Kibaigwa anaifahamu: gunia lililojazwa hadi mdomoni, likaongezewa kilemba juu, likashonwa kwa kamba. Wakala wa Vipimo umepambana nayo miaka na miaka, na sababu ni rahisi: mkulima analipwa gunia moja, mnunuzi anaondoka na gunia na robo. Tagi ingesema nini hapo? Ingesema gunia moja limepita saa nne na dakika kumi. Ingesema kweli, na mkulima angekuwa ameibiwa vilevile. Gunia ni chombo, kilo ndizo mali. Mahindi hayana jina. Punje ya gunia hili ikimwagika ndani ya lile hakuna anayeweza kuirudisha. Vitu vya namna hiyo hupimwa, na mizani iliyohakikiwa ni mlinzi bora kuliko chipu yoyote.

Serikali nayo imekwenda upande huohuo, kwa kujenga vihenge vya kisasa kwa mkopo wa dola milioni 55 kutoka Poland, mradi wa kuongeza tani 250,000 za hifadhi katika vituo vinane, Dodoma kikiwa kimojawapo. Nalipenda hilo jina, kihenge. Babu zetu wa Ugogo walihifadhi uwele na mtama kwenye vilindo vya magome ya miti ndani ya tembe, na mwenye nyumba aliinua kifuniko akaona kwa macho umebaki kiasi gani hadi mavuno. Kihenge cha chuma cha leo ni kilindo kilichokua: hakina magunia, hakina rundo, hakina mahali pa kuficha shimo. Lori linapimwa likiingia, linapimwa likitoka. RFID humo ina kazi ndogo lakini ya maana, nayo ni kulitambua lori lenyewe juu ya mizani, ili dereva asibadilishane karatasi na mwenzake.

*

Basi vitu vyenye jina katika nyanda za kati ni vipi? Vya kwanza ni ng'ombe, na watu wa huku hawahitaji kufundishwa.

Mgogo mwenye ng'ombe wengi hawaweki wote zizini kwake. Anawagawa kwa ndugu, wakwe na marafiki, vijiji mbali na mbali, ili ukame au ugonjwa ukipiga mahali pamoja usimmalize. Mwanazuoni Peter Rigby aliyeishi Ugogo na kuchapisha kitabu kuhusu ng'ombe na udugu wa Wagogo mwaka 1969 aliueleza vizuri utaratibu huu. Mwenye mali anakumbuka kichwani kila ng'ombe yuko kwa nani, rangi yake, pembe zake, mama yake ni yupi, amezaa mara ngapi. Hiyo ni hesabu ya mali iliyotawanyika katika maghala mengi, inayotunzwa bila leja, na mashahidi wake ni jamaa wenyewe.

Sheria ya Utambuzi, Usajili na Ufuatiliaji wa Mifugo ya mwaka 2010 ilikuja juu ya msingi huo, na miaka kumi na ushei baadaye zikaja hereni za kielektroniki: shilingi 1,750 kwa ng'ombe, 1,000 kwa mbuzi na kondoo, zikilipwa na mfugaji. Hereni hizo ni RFID kamili, ila zinatumia mawimbi ya chini, kilohezi 134.2, kwa sababu mawimbi ya chini hayasumbuliwi sana na maji ya mwili. Gharama yake ni kwamba kisomaji lazima kisogee karibu, kwa hiyo mnyama anapitishwa kwenye kibanio, njia nyembamba ya miti, mmoja mmoja. Wafugaji wengi walipinga. Walilalamikia bei, walilalamikia hereni zinazochomoka kwenye miba, na waliuliza wanapata nini. Mwaka 2022 zoezi likasitishwa. Lilipozinduliwa tena Juni 2025 huko Bariadi, lilikuja pamoja na chanjo ya ruzuku.

Nawapa wafugaji haki yao. Mtu anayemjua ng'ombe wake kwa jina hana sababu ya kulipia namba inayomsaidia mwingine kumjua. Alipoletewa chanjo pamoja na hereni, namba ikawa na faida kwake pia: inashuhudia kwamba mnyama huyu amechanjwa. Botswana, iliyoanza kuwatambua ng'ombe wake kwa redio zaidi ya miaka ishirini iliyopita, ilikuwa na soko la nyama la Ulaya la kumwonyesha mfugaji. Ghalani ni hivyohivyo. Mbeba gunia, mtunza ghala, dereva, kila mmoja anapoombwa kuitunza tagi ana haki ya kuuliza inamfaa nini, na kama jibu ni kwamba inamlinda asisingiziwe, aambiwe waziwazi.

Vya pili ni dawa. Bohari ya Dawa, MSD, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1993, ina ghala la kanda hapa Dodoma linalolisha hospitali na zahanati za mikoa ya kati. Boksi la dawa ya kifafa na boksi la dawa ya malaria yanaweza kufanana kwa nje, lakini moja linaisha muda Machi na jingine Desemba. Hapa jina, namba ya toleo na tarehe ndivyo mali yenyewe. Boksi lenye tagi likisahaulika nyuma ya rafu, kisomaji kinachopitishwa kila wiki kitalitaja kabla halijaharibika. Ila nikumbushe jambo moja la hapahapa Tanzania. Kati ya mwaka 2009 na 2010, katika wilaya za Lindi Vijijini, Ulanga na Kigoma Vijijini, vituo vya afya 129 viliombwa kutuma kila wiki, kwa ujumbe wa simu, idadi ya dawa za malaria zilizomo kabatini. Hakukuwa na tagi. Muuguzi alihesabu kwa mkono. Katika wiki ya kwanza vituo 78 kati ya kila 100 vilikuwa vimeishiwa angalau aina moja ya dawa. Katika wiki ya 21 vilikuwa 26. Dawa nyingi zilikuwamo wilayani muda wote, zimelala kwenye kituo kimoja wakati jirani hana. Hesabu ilipomfikia mganga mkuu wa wilaya, akahamisha. Anayenunua mfumo wa RFID wa mamilioni halafu taarifa zake zikaishia kwenye kompyuta ya ofisi moja bado yuko nyuma ya muuguzi yule mwenye simu ya tochi.

Vya tatu vinakuja na reli. Treni za abiria za reli ya kisasa zilianza kufika Dodoma Julai 2024, na mizigo imeanza kusogea kuelekea bandari kavu ya Ihumwa. Nikiangalia mabehewa na vichwa vya umeme vile naona maelfu ya vipuri: vipande vya breki, vifaa vya mawasiliano, nyaya, feni, kila kimoja na namba yake na umri wake, vingine vya kusubiri miezi kadhaa mpaka meli ivilete. Reli za Marekani ya Kaskazini tangu miaka ya 1990 zimeyavika mabehewa ya mizigo tagi ubavuni, kushoto na kulia, zinazosomwa treni ikipita kasi. Huko ndiko ningeweka shilingi yangu ya kwanza ya RFID katika nyanda hizi, kwenye mabohari ya vipuri, mwendo wa saa moja tu kutoka Kongwa.

Na gunia? Sijaliacha kabisa, kwa sababu ya stakabadhi. Tangu Sheria ya Stakabadhi za Ghala ya mwaka 2005, karatasi inayosema mkulima ana kilo kadhaa za ufuta au mbaazi ghalani ni mali inayoweza kuwekwa rehani benki. Mfumo huo umeshaingia Dodoma na Singida. Karatasi hiyo ikitolewa juu ya rundo lenye tumbo tupu, shimo linahama kutoka ghalani kwenda kwenye akaunti za watu. Ufuta una bei kubwa kuliko mahindi, magunia yake ni machache, wenye mali ni wengi na wadogo. Hapo tagi moja kwa gunia inaweza kulipa, endapo namba yake itafungwa na uzito: gunia linapanda mizani, kilo zinaingia kwenye programu pamoja na namba ya tagi, na tagi inashonewa ndani ya mshono wa mdomo, uzi ukipita katikati ya antena, hivi kwamba anayefungua gunia aichane na isisomeke tena.

Nilimpigia simu yule mzee nikamweleza mpango huo. Sasa anaishi upande wa Mpwapwa, analima zabibu kidogo. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Na anayeshona ni nani?" akauliza.

Nikamwambia ni kijana wa mizani.

"Anayepima ndiye anayeshona?"

"Ndiyo mzee."

"Mwanangu, hapo ndipo shimo litakapokaa."

Nimebadilisha mchoro. Mpimaji anapima, mshonaji anatoka kwenye chama cha wakulima wenyewe, na mkulima anasimama kati yao akisomewa namba yake kwa sauti kabla sindano haijapita.